Kumi na saba wa tarehe 30 Juni: kikosi cha timu moja ya Arusha kuelekea msimu ujao

Mwenyekiti alinipigia simu Jumapili jioni, mwanzoni mwa Juni 2025, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kula akashiba. "Niandalie hali ya kikosi kwa msimu ujao. Ukurasa mmoja tu, wafadhili hawasomi zaidi ya hapo." Mimi ndiye mtunza kumbukumbu wa timu, cheo ambacho maana yake ni kwamba nina kaunta buku, nina mwandiko unaosomeka, na sina posho.

Timu yenyewe sitaitaja. Inacheza Championship, ligi iliyo ngazi moja chini ya Ligi Kuu, makao yake ni hapa Arusha, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitokee mtu wa kunyooshewa kidole. Wanaotujua watajua. Wasiotujua hawapungukiwi kitu.

Nilikaa na kaunta buku nikidhani naenda kuandika habari za mpira: nani kafunga, nani kashuka kiwango, nani analalamikiwa na jukwaa. Nikachora safu nne, jina, namba anayocheza, umri, na mkataba unaisha lini. Nilipofika jina la sita nikaacha kuandika tarehe, nikawa naweka alama ya "kama hapo juu". Mwisho nikahesabu. Wachezaji 25. Kati yao 17 mikataba yao inaisha siku moja, 30 Juni. Watatu ni wa mkopo, wanarudi kwao. Wanabaki watano, na katika hao watano mshambuliaji mmoja alikuwa bado anatembelea magongo tangu goti lake liondoke Novemba.

Kwa hiyo ule ukurasa mmoja ungetosha kuwa mstari mmoja: tarehe 1 Julai tunaamka na kipa, beki wa kati, kiungo, winga na mgonjwa.

Mikataba ile ilisainiwa Agosti 2024, siku mbili za mwisho kabla dirisha la usajili halijafungwa, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi la mjumbe wetu mmoja kule Mbauda. Nilikuwepo. Kulikuwa na fotokopi za mkataba mmoja wa zamani, nafasi ya jina imefutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya kwa kalamu. Kifungu cha tisa bado kilikuwa na jina la mchezaji aliyeondoka misimu miwili nyuma, hakuna aliyeliona. Kifungu cha sita kilisema mshahara utalipwa kila mwezi "kadiri hali ya fedha ya klabu itakavyoruhusu". Vijana walipanga foleni kati ya magunia ya saruji, wakasaini mmoja mmoja, kalamu ikipokezwa nyuma kama kikombe cha chai. Muda wote wa mkataba: msimu mmoja. Kwa wote. Hakuna aliyekaa kujadili nani apewe mmoja na nani miwili, kwa sababu hapakuwa na muda, na kwa sababu fotokopi haina maoni.

Kanuni za FIFA zinaruhusu mkataba wa mchezaji wa kulipwa uwe mfupi hadi mwisho wa msimu unaoendelea, na mrefu hadi miaka mitano. Kati ya hapo klabu inachagua. Sisi tulichagua ncha ya chini kwa kila mtu, kuanzia kipa wa tatu mpaka yule beki wa kushoto ambaye kila aliyekuja uwanja wa Sheikh Amri Abeid kutuangalia aliondoka akimzungumzia.

Huyo namba tatu ndiye kisa chenyewe, hivyo nikae kwake kidogo.

Ana miaka 22. Alitoka mchangani Ngarenaro, mguu wa kushoto wa asili, na mguu wa kushoto wa asili nchi hii ni kama mvua ya Agosti. Mechi za kwanza alipigwa mwereka na kila winga, lakini kufikia Novemba alikuwa anapanda na kushuka ubavu ule mpaka mtu unachoka kumtazama. Desemba nikaanza kuona sura ngeni jukwaani, mtu wa makamo mwenye koti jeusi na simu mbili, hashangilii, anaandika. Januari dogo akaja mazoezini na viatu vipya ambavyo kwa mshahara tunaomlipa angevinunua baada ya kushinda na njaa miezi miwili. Wenzake wakamtania. Sisi viongozi tukacheka nao.

Sasa, kanuni iko wazi. Mchezaji ambaye mkataba wake umebakiza miezi sita au pungufu yuko huru kusaini makubaliano na klabu nyingine kwa ajili ya msimu unaofuata. Chimbuko lake ni ile hukumu ya Desemba 1995 ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, aliyegomea klabu kumzuia baada ya mkataba kwisha, na leo inamhusu hata kijana wa Ngarenaro ambaye hajawahi kulisikia jina hilo. Mkataba wa kuisha 30 Juni unafungua mlango mwanzoni mwa Januari. Kwa maneno mengine, mchezaji tuliyemsainisha Agosti tulikuwa naye peke yetu kwa miezi minne na ushee tu. Baada ya hapo tulikuwa naye pamoja na yeyote mwenye simu.

Klabu inayomtaka inatakiwa kuijulisha klabu yake kwa maandishi kabla ya kuzungumza naye, na hao walifanya hivyo. Barua yao ilitumwa kwenye barua pepe ya timu mwezi Februari. Akaunti ya barua pepe hiyo ilianzishwa na katibu aliyepita, nywila anayo yeye, naye alishahamia Babati. Nilikuja kuiona barua mwezi Mei, imekaa chini ya matangazo ya mkopo wa haraka.

Aprili, tukiwa hatujui lolote, mwenyekiti akamwita kijana ofisini kumwongezea mkataba. Alimwandalia maneno mazuri, familia, nyumbani, jezi ya mji wako. Dogo akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Mzee, nashukuru sana. Ila mimi nilishasaini Februari." Mwenyekiti alinigeukia mimi, kana kwamba kalamu ilikuwa yangu.

Lazima niseme ukweli kwa upande wake: hakuzembea hata mechi moja kati ya Februari na Mei. Aliumia nyonga, akacheza hivyo hivyo. Wapo mashabiki wanaomwita msaliti. Mimi najiuliza tu, amsaliti nani, wakati karatasi yetu wenyewe ndiyo iliyomwambia aondoke?

Anaenda Ligi Kuu, na sisi tunapata picha ya pamoja. Angekuwa amebakiza mwaka mmoja, wale wenye simu mbili wangelazimika kukaa mezani. Pengine tusingepata hela nyingi, klabu za huku hazimwagi fedha kwa beki wa Championship. Lakini tungeweza kuomba vijana wao wawili kwa mkopo, au mechi ya kirafiki hapa Arusha kwa ajili ya kiingilio, au asilimia akiuzwa tena. Mezani mtu hutoki mikono mitupu.

Nilipoliwasilisha hilo kikaoni nilijiona nimepiga bao. Mama mhazini akavua miwani.

Mama huyu alifanya kazi benki miaka mingi kabla hajastaafu, na ndiye mtu pekee katika timu ambaye hasemi "tutaangalia". Akaniambia, "Mwanangu, mkataba wa miaka miwili ni deni la miaka miwili. Mfadhili wetu anatuahidi msimu kwa msimu. Nikikuahidi wewe miwili na yeye kaniahidi mmoja, ule wa pili nitautoa wapi?"

Na hapo ana hoja nzito kuliko inavyosikika. Klabu ikivunja mkataba bila sababu ya haki, inadaiwa fidia, na msingi wa kuikokotoa ni ile thamani ya mkataba iliyobaki, ikipunguzwa na kile mchezaji atakachopata kwa mwajiri mpya katika kipindi hicho hicho. Mwenye miezi kumi na minane iliyobaki anakudai miezi kumi na minane. Usipolipa, shauri linaenda Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho letu la soka, na kama ni mgeni linafika FIFA, na mwisho wa safari hiyo ni kufungiwa kusajili. Klabu za Ligi Kuu zenye majina makubwa kuliko sisi zimeonja adhabu hiyo.

Tena Mama mhazini alikuwa na kidonda kibichi. Februari na Machi mishahara ilichelewa. Wengi walinung'unika, wakaishi kwa kukopeshana, ila beki wetu wa kati, yule mwenye mkataba mpaka 2026, alikaa kimya. Wiki ya kwanza ya Aprili akaleta barua iliyopigwa chapa. Ilikuwa fupi: klabu inadaiwa mishahara ya miezi miwili, anatoa siku 15, zikipita bila malipo atahesabu ana haki ya kuvunja mkataba. Sijui nani alimsaidia, lakini hakukosea nukta. Ndivyo kanuni inavyosema, miezi miwili, notisi ya siku 15. Tulimlipa siku ya 13, yeye peke yake kwanza. Mwenyekiti alikopa kwa shemeji yake. Wengine wakasikia, na chumba cha kubadilishia nguo kikawa na baridi hata kabla ya Juni.

Kwa hiyo mikataba mirefu peke yake haikupi kikosi. Inakupa kikosi ukilipa. Nilikubali, nikaomba dakika tano, nikarudi kwenye kaunta buku.

Nilichopendekeza ni kupanga tarehe za kuisha kwa ngazi, watu wetu wa muhimu watano au sita wapewe miaka miwili, kijana mmoja mwenye kipaji mitatu, waliobaki mwaka mmoja kama kawaida. Jumla ya mishahara ya msimu ujao haiongezeki hata shilingi. Kinachobadilika ni kwamba Juni ijayo hatutaamka na watu watano. Na ndani ya hiyo ya miaka miwili kiwekwe kipengele kwamba tukishuka daraja mshahara unapungua kwa kiasi kilichoandikwa, tukipanda unaongezeka, na klabu ya Ligi Kuu ikileta kiasi fulani kijana anaondoka bila kelele. Mama mhazini alikipenda hicho cha kupungua. Mwenyekiti akapenda cha kupanda. Kikao kikaenda vizuri kuliko nilivyostahili.

Kocha naye akaleta orodha yake. Kati ya wale 17 anawataka 11, sita wapewe mkono wa kwaheri. Sita hao sitawaeleza mmoja mmoja. Wawili umri, watatu kiwango, mmoja alikuwa anakimbia kambi Ijumaa usiku kwenda kucheza ndondo Usa River kwa hela ya siku moja. Alivunjika kidole cha mguu huko, akatudanganya kwamba aliangusha jiwe la kusagia.

Ugomvi ulikuwa juu ya namba sita, kiungo wetu mkabaji.

Ana miaka 33, wachezaji wanamwita Babu. Mwenyekiti alitaka aondoke, akisema timu haiendi mbele na mtu anayegeuka kama lori. Ni kweli anageuka kama lori. Lakini nimekaa naye kwenye basi safari za Mbeya na Songea, na nimeona kitu ambacho hakionekani kwenye msimamo. Saa nane usiku, dereva kasimama Makambako, vijana wamelala midomo wazi, yeye anapita kiti kwa kiti na chupa ya maji akiwaamsha wanywe, maana kesho saa kumi jioni wanacheza. Hakuna aliyemwagiza. Uwanjani ndivyo hivyo hivyo, beki wa kulia akipanda yeye keshaenda kukaa pale pale bila kuitwa. Winga wetu wa miaka 17 alicheza vizuri mechi ambazo Babu alikuwa nyuma yake, na akapotea zile tatu ambazo Babu alikuwa na kadi au majeraha.

Kocha akasema, "Mkimtoa huyo, nileteeni watu wawili." Ikabidi tumwite mwenyewe. Alikuja na kandambili, akaketi, na alichoomba hakikuwa hela ya usajili. Anasoma kozi ya ukocha, Diploma D ya CAF, akataka mwaka mmoja tu wa kucheza na barua inayosema jioni atakuwa na timu ya vijana. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo dili bora tulilofanya mwaka huu, na halikugharimu zaidi ya karatasi.

Makipa nitawapita haraka: wa kwanza ana mkataba, wa pili amesaini, wa tatu nitarudi kwake. Kiungo wa juu mmoja ametuacha, kapata timu Zanzibar, na sina neno, mke wake anatoka huko.

Wale watatu wa mkopo ndio wanaowapa mashabiki usingizi mbaya, hasa namba tisa, mshambuliaji wa kati aliyetufungia mabao 11. Kila ninapopita stendi ya Kilombero naulizwa, "Mtambakisha?" Hatumbakishi, kwa sababu si wetu. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri makalio. FIFA imeweka mkopo usizidi mwaka mmoja kwa mara moja, na klabu inayommiliki ikimwona amefunga 11 haitupi tena, inampeleka kikosi cha kwanza au inampeleka kwa anayelipa mshahara wote. Sisi tulikuwa tunalipa nusu.

Majirani zetu wa Moshi wanaikumbuka hali hii. Oktoba 2019 Polisi Tanzania, msimu wao wa kwanza baada ya kupanda Ligi Kuu, walikwenda Dar es Salaam wakatoka sare ya 3-3 na Yanga, na mabao yote matatu yalikuwa ya Ditram Nchimbi. Nchimbi alikuwa pale kwa mkopo kutoka Azam. Dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu, lilipofika akawa anavaa jezi ya Yanga. Siku ile Uwanja wa Ushirika na vijiwe vyote vya Moshi walishangilia kama wamepata mshambuliaji, kumbe walikuwa wamemnoa wa mwenzao. Polisi Tanzania walidumu Ligi Kuu mpaka msimu wa 2022/23 ndipo wakashuka, na sababu za kushuka zilikuwa nyingi, siwezi kuzitundika kwenye mkopo mmoja. Ninachokisema ni kwamba mabao ya mkopo usiyaandike kwenye hesabu ya msimu ujao. Kwenye kaunta buku yangu mabao 11 nimeyachora mstari katikati. Ukitoa hayo, mfungaji wetu bora anayebaki ana manne, naye ni beki wa kati.

Hapo ndipo msimu ujao unapotisha. Hatuna namba tisa. Yule wa magongo daktari wa timu anasema ataanza kukimbia Septemba, na mimi nimeishi na magoti ya wachezaji muda wa kutosha, daktari akisema Septemba naandika Desemba. Mwenyekiti ana suluhisho: tungoje dirisha dogo, tulete jina kubwa.

Nikamkumbusha KenGold. Wale wa Chunya walipanda kwa heshima, mabingwa wa Championship msimu wa 2023/24. Msimu uliofuata mambo yakawa magumu, wakawa mkiani, dirisha dogo wakafagia soko wakaleta majina, hata Bernard Morrison akaenda. Walishuka vile vile. Siwacheki, nani asingejaribu? Ila ukifika Januari na timu isiyofunga, unanunua kwa njaa, na muuzaji anakuona. Msimu huo huo Mtibwa Sugar, walioshuka pamoja na Geita Gold, walirudi juu moja kwa moja wakiwa mabingwa, Mbeya City wakiwa wa pili. Mtibwa ni klabu ambayo miaka yote imekuwa na timu ya vijana inayoeleweka. Mwenyekiti akanijibu kwamba Mtibwa wana shamba la miwa. Hilo nalo ni kweli.

Katika Championship timu ni 16, mechi 30, wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, wa tatu na wa nne wanaingia mtoano ambao unaweza kuwakutanisha na timu ya Ligi Kuu. Mwenyekiti anaota moja kati ya hizo nafasi nne kwa sababu ya Olmoti. Uwanja mpya wa AFCON 2027 unajengwa pale, wa watu 30,000, na mji huu haujapeleka timu yake Ligi Kuu tangu JKT Oljoro waliposhuka mwisho wa msimu wa 2013/14. Anataka siku uwanja ukifunguliwa kwa ligi, iwe timu yetu. Namwelewa. Mimi pia nilisimama barabarani siku moja nikitazama zile nguzo zinavyopanda, nikajikuta nahesabu wachezaji wetu kichwani. Nikafika watano.

Badala ya jina, tumekubaliana kutafuta namba tisa sasa hivi, kwa majaribio, wiki ya pili ya Julai. Na hapa nilipigania jambo moja dogo ambalo kocha alidhani ni ushamba. Kila mwaka majaribio yetu ni ya siku mbili. Vijana wanapanda basi Dar au Tanga usiku, wanashuka alfajiri na kaptula, Arusha ya Julai, ukungu mpaka saa nne, mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Saa mbili asubuhi wanakimbizwa. Dakika ya kumi na tano mtoto wa pwani mkono kiunoni, anatafuta pumzi, kocha anaandika "hana stamina". Mwaka juzi tulimwacha winga mmoja kwa neno hilo hilo. Sasa anatufunga, tena hapa hapa kwetu, na hahemi. Safari hii majaribio ni siku sita, siku mbili za kwanza hakuna anayeandika chochote. Gharama ni wali maharage na magodoro ya shule moja iliyofunga. Mama mhazini alipitisha bila kuvua miwani.

Kufikia leo ninapoandika, 30 Juni imepita. Kati ya wale 11 kocha aliowataka, wawili wameondoka, yule namba tatu na kiungo wa Zanzibar. Wanane wamesaini: watatu mwaka mmoja, Babu akiwemo, wanne miaka miwili, na winga wa miaka 17 mitatu, ambao ndio mwisho FIFA inaoruhusu kwa aliye chini ya miaka 18. Baba yake alikuja kutoka Monduli na shuka lake begani, akatusikiliza, akauliza swali moja tu: kama mtoto akivunjika mguu nani analipa hospitali. Hatukuwa na jibu kwenye karatasi. Tumeliandika, kifungu cha kumi na mbili.

Pengo la beki wa kushoto bado liko wazi. Kocha anasema atamgeuza beki wa kati wa pili, kiraka wetu, anayetumia mguu wa kulia. Nimeona mechi mbili za kirafiki. Kila akipata mpira anaukata ndani, na mashambulizi yetu yote sasa yanaenda upande mmoja kama meza iliyopungukiwa mguu. Wapinzani wataligundua hilo ndani ya mechi tatu. Huyu ndiye ningempa fedha kabla hata ya namba tisa, lakini namba tisa ndiye anayeuza jezi, basi.

Anabaki mmoja, kipa wa tatu. Ana miaka 19, hajacheza hata dakika moja ya ligi, na tulidhani atakuwa wa kwanza kusaini. Tulimpa karatasi Jumatatu. Akasema anaipeleka nyumbani Sakina mama yake aisome, maana mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Tukacheka kidogo. Alhamisi akairudisha ikiwa kwenye bahasha ya kaki, haijasainiwa. Kifungu cha tisa, lile jina la mchezaji aliyeondoka, limekatwa kwa kalamu nyekundu na pembeni pameandikwa "Huyu ni nani?" Kifungu cha sita kimezungushiwa duara, mara mbili, kuanzia "kadiri" mpaka "itakavyoruhusu", na chini yake, kwa mwandiko wa ubaoni, "Tarehe ngapi?"

Nilimpelekea Mama mhazini. Alisoma amesimama, akavaa miwani, akasoma tena. Kisha akaomba nimletee na ile mingine minane iliyokwisha kusainiwa, akaiweka yote kwenye mkoba wake na kuondoka nayo. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Leo ni Jumanne, haijarudi.